"Sema muzuri!" haitoshi: kumfundisha mtoto mdogo lugha ya heshima

(Maneno haya niliyasema mbele ya wazazi na walimu wa shule za materneli (chekechea) na za msingi, katika ukumbi wa parokia, komini ya Katuba, Lubumbashi, siku chache kabla masomo hayajaanza. Waliokosa kufika waliomba maandishi. Pale ukumbini nilisema Kiswahili chetu cha kila siku. Hapa nimeandika kwa Kiswahili bora, ila maneno ya watoto na ya wazee nimeyaacha yalivyotoka midomoni mwao.)

Batata na bamama, walimu wenzangu, jambo yenu.

Aksanti kwa kufika. Najua Jumamosi ni siku ya soko na ya kufua, na wengine mmeacha makaa yakiwaka katika mbabula.

Nawauliza kwanza. Nani humu ndani hajawahi kumwambia mtoto "Sema muzuri!" mbele ya wageni? Ainue mkono. Sioni mkono. Basi la pili: mtoto alipoambiwa "sema muzuri", alifanya nini? Mmoja alirudia maneno yaleyale kwa sauti ya chini. Mwingine alinyamaza. Mwingine alijificha nyuma ya kikwembe cha mama yake. Na kwa nini asijifiche? Umemwambia nini? Hukumwambia aongeze neno gani, aache lipi, wala kwa ajili ya nani. Alichoelewa ni kwamba amekosa, na kwamba watu wameona. Akielewa hivyo mara nyingi, atajifunza kwamba mbele ya wageni usalama ni kufunga mdomo. Kisha sisi haohao tutakwenda kwa mwalimu kulalamika: mtoto wangu ana haya sana, hasemi.

Nimekuja kuwaambia jambo moja. Mtoto mdogo tumwonyeshe mtu, mahali na jambo, ndipo tumpe maneno. Huyu ni nani kwako? Hapa ni wapi? Umekuja kutaka nini? Mtoto anayejua hayo matatu hupokea maneno ya heshima upesi. Asiyeyajua, hata umfundishe adabu za vitabu vyote, atazimwaga pasipofaa.

Na msidhani ni jambo kubwa mno kwa umri wao. Jirani yangu ana binti wa miaka 5. Akicheza peke yake uani, hupanga makopo ya nyanya juu ya matofali: hao ndio wanafunzi wake. Shingo inanyooka, sauti inakuwa nzito, Kifaransa cha amri kinatoka, na kopo lisilosikia linapigwa kofi. Kabla hujageuka, amekuwa mama wa soko anayebembeleza mteja. Mara amebeba kitambaa kilichokunjwa, sasa ni mama wa mtoto mchanga, na sauti imekuwa nyembamba kama uzi. Watu watatu kabla bukari (ugali) haijaiva! Nani alimfundisha? Hakuna aliyekaa naye kumfundisha. Alisikiliza.

Waliochunguza watoto wameyaona hayohayo. Mwaka 1973, huko Marekani, Marilyn Shatz na Rochel Gelman waliwaomba watoto wa miaka 4 waeleze kichezeo kwa wasikilizaji mbalimbali. Kwa mtoto wa miaka 2 walitumia sentensi fupi na nyepesi. Kwa mtu mzima walirefusha. Miaka 4 tu, na hakuna aliyewaambia wabadilishe! Baadaye Elaine Andersen aliwapa watoto vikaragosi vya baba, mama, daktari, mwalimu na wengine, akawaacha wavisemee. Aliona kwamba kinachotangulia kubadilika ni sauti. Maneno yanafuata. Muundo wa sentensi unachelewa zaidi. Walimu wenzangu, likumbukeni hilo. Mtoto anayekuja mbele yako na sauti ya upole, mikono imetulia, halafu anasema "Leta krayo!" (penseli), huyo hajakosa adabu. Ameshafika nusu ya njia. Sauti anayo, amebakiza maneno.

Sasa niingie kwenye jambo linalotusumbua sisi watu wa Lubumbashi hasa.

Mvulana mmoja wa mwaka wa kwanza aliandika kwenye daftari: "Tata banakuya." Mwalimu akakata kwa wino mwekundu, akaandika juu: "Baba anakuja." Je, mwalimu alikosea? Kwa Kiswahili bora, hakukosea. Mtoto akarudi nyumbani na fahari yake. Jioni nkambo yake, yaani bibi yake, akamwuliza: "Tata beko wapi?" Mtoto akajibu kwa sauti ya shuleni: "Baba anakuja." Nkambo akaweka chini kikombe cha chai. "Nani anakuya? Ni mudogo yako?" Nyumba nzima ikacheka, na mtoto akalia. Je, nkambo alikosea? Naye hakukosea. Katika Kiswahili chetu, mkubwa hasemwi kwa umoja. Mama balienda ku soko. Mufundishi banaita. Ukisema "anakuya" juu ya baba yako, umemshusha awe sawa na rafiki wa mpira.

Mwalimu ana haki, nkambo ana haki, na mtoto analia katikati. Kosa liko wapi? Kosa ni kwamba hakuna mtu mzima aliyemwambia sentensi moja tu: "Shuleni, katika daftari, tunaandika 'Baba anakuja'. Nyumbani, mbele ya nkambo, tunasema 'Tata banakuya'. Zote ni heshima." Mtoto wa miaka 6 anaelewa hilo. Anaelewa kuliko wengi wetu.

Heshima hiyo ya wingi haikuanguka kutoka juu. Mji huu ulianza mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipofika. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kutoka Kasai, baadaye Rwanda na Burundi. Makambini watu hao waliishi ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikawafunga pamoja. Kila mmoja alikiingiza adabu ya kwao. Mbemba, mmoja wa waliotoka Rhodesia hiyo, hamsemi mkubwa wake kwa umoja, akisema Kiswahili awe na umoja wa nini? Basi wanaoita Kiswahili chetu kibovu wanahukumu kwa haraka. Sehemu kubwa ya wanayoyaita makosa ni adabu za babu zetu.

Kiswahili bora kina heshima yake pia, ila kimeiweka mahali pengine. Kimeiweka katika salamu, katika "naomba" na "tafadhali", katika kumwita mtu kwa cheo cha undugu. Kitenzi kinabaki katika umoja, na hakuna mzee wa Dar es Salaam atakayenuna. Mtoto akisoma kitabu kilichotoka Tanzania atakutana na "shikamoo". Nimemsikia mmoja akimsalimu babu yake hivyo hapa Katuba, na babu akageuka kwa mkewe: "Ule mutoto anasema nini?" Sisemi tuifute. Wafanyabiashara wetu wanakwenda bandarini Dar es Salaam kila mara, na tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtoto aijue. Lakini aambiwe: hii ni salamu ya kule, na kule mkubwa hujibu "marahaba". Umwambie na mtu, umwambie na mahali.

Na Kifaransa je? Hapo ndipo wazazi wengi wananiambia: mama, mtihani ni wa Kifaransa, haya ya Kiswahili yatamsaidia nini mtoto? Nisikilizeni vizuri, maana hapa tunapoteza mali iliyo mkononi. Mtoto wetu anayeingia materneli anamwambia direktrisi, mkuu wa shule, "tu", yaani "wewe" ya rafiki, na watu wazima wanashtuka. Tunamfundisha "vous" kana kwamba ni kitu kipya kilichoshuka kwenye ndege. Lakini mtoto huyohuyo, nyumbani, anamwambia nkambo: "Munaenda wapi?" Anamwambia mgeni: "Mukale", yaani kaeni. Anao wingi wa heshima tangu akiwa na miaka 3! Basi mwambie hivi: yule unayemwambia "munaenda" nyumbani, huyo ndiye unayemwambia "vous" shuleni. Kwisha. Nimewaona walimu wakifanya hivyo, na watoto wakishika ndani ya siku chache jambo ambalo wengine wanalipigia kelele hadi mwaka wa tatu.

Kwa hiyo mzazi anayekataza Kiswahili nyumbani ili Kifaransa kiingie upesi anabomoa daraja, halafu anamlaumu mtoto kwa kutovuka. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa kimojawapo cha lugha 4 za taifa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaziruhusu lugha hizo darasani. Serikali haikutulazimisha kuchagua. Tunajilazimisha wenyewe. Nilikuwa kwenye kilio kimoja ambapo mvulana wa miaka 7, mwenye Kifaransa kizuri kweli, alisimama mbele ya nkambo aliyefiwa na mumewe, asijue la kusema. Akasema "Bonjour". Nkambo akamshika mkono, wala hakumlaumu. Lakini yule mtoto alijiona amepungukiwa, na uso wake ulionyesha hivyo.

Sasa, tunafundishaje?

Nimesikia walimu wakisema lugha ya heshima ni nguo ya Jumapili. Sipendi mfano huo. Nguo ya Jumapili inakaa kabatini siku 6, na ndiyo maana watoto wanatembea ndani yake kama vijiti. Heshima inataka mazoezi ya kila siku, kwa vitu vidogo.

Mtoto wa miaka 3, usimweleze. Sema pamoja naye. Katherine Demuth aliandika juu ya familia za Basotho, kule Lesotho, na alionyesha jinsi wakubwa wanavyomtilia mtoto maneno mdomoni: sema hivi, na mtoto anarudia. Je, bamama, si ndivyo mnavyofanya? "Sema: aksanti, mama." Hilo ni fundisho zuri, la zamani, msiliache. Jean Berko Gleason na mwenzake Weintraub waliangalia watoto wa Marekani wanaopita nyumba kwa nyumba mwishoni mwa Oktoba kuomba peremende. Wadogo kabisa walisimama kimya. Wakubwa ndio waliokamilisha yote hadi shukrani. Na wazazi? Wazazi hawakueleza maana ya maneno, walisukuma tu: sema, sema. Kumbe kila mahali desturi inatangulia, maana inafuata. Kwa hiyo usimdai mtoto wa miaka 3 ajue kwa nini. Ila akifika miaka 5 au 6 na kuanza kuuliza "kwa nini?", usimjibu "kwa sababu nimesema". Hapo saa ya maelezo imefika.

Njia bora ninayoijua ni kumtuma mtoto. Wazee wetu walikuwa na shule bila ukuta: walimtuma mtoto kwa jirani. Leo tunatuma ujumbe kwa simu, na mtoto anabaki bila kazi ya kusema. Mtumeni! Lakini kabla hajatoka, fanyeni mazoezi mlangoni. Wewe uwe jirani.

"Odi!"

"Karibu."

"Jambo yenu, mama. Mama balinituma. Banaomba mubapatie chumvi kidogo."

"Chukua, mwanangu."

"Aksanti, mama. Mubakie muzuri."

Tazameni kilichomo. Kuna kubisha, kuna salamu, kuna kusema aliyekutuma, kuna ombi, kuna shukrani, kuna kuaga. Ni barua nzima ya ofisini, ila imesemwa na mtu wa miaka 5 kwa ajili ya chumvi. Mtoto aliyezoea mpangilio huo kwa mdomo, siku mwalimu atakapomfundisha kuandika barua, atakuta mifupa yake ipo tayari.

Angalieni pia wakati wa mazoezi. Nimesema kabla hajatoka. Si mbele ya jirani. Mbele ya watu mtoto acheze mchezo aliokwisha kujifunza. Akikosea, mwacheni amalize, mtarekebisha mkirudi ndani. Na akisema "Leta mayi!", usimpe hotuba. Sema sentensi nzima kwa sauti yako mwenyewe: "Mama, naomba mayi." Kisha mpe maji. Mpe! Kuna wazazi wanaoshika kikombe juu na kumrudisha mtoto mara tano: sema tena, sema tena. Mtoto ana kiu. Anachojifunza hapo ni kwamba "naomba" ni neno la kunyenyekezwa, na siku atakapokuwa na kikombe yeye, atakishika juu vilevile.

Lakini kuna jambo zito kuliko mbinu zote. Niliona mtoto akishuka garini mbele ya shule. Kwa direktrisi alisema "Bonjour, Madame", mikono nyuma, safi kabisa. Hatua tatu mbele, kwa sentineli wa lango, mzee mwenye mvi kumzidi baba yake: "We! Fungula!" Mtoto yuleyule, asubuhi ileile. Alikosa kufundishwa? La, alifundishwa vizuri sana. Alifundishwa na sisi, tunavyosema na sentineli, tunavyosema na binti wa kazi, tunavyomwita muuza maji. Vile vikaragosi vya Andersen vilisema wazi: daktari alitoa amri kwa sababu watoto wamesikia daktari akitoa amri. Mtoto anashika ngazi zetu zote, na zile tusizotaka azione anaziona kwanza. Ukitaka mwanao awe na lugha ya heshima, sema "naomba" na "aksanti" kwa mtu ambaye hawezi kukufanya chochote. Sema mtoto akiwepo.

Walimu, najua hali yenu. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na hamwezi kufanya mazoezi na kila mtoto. Wapangeni wawili wawili. Mmoja daktari, mmoja mgonjwa. Mmoja mama wa duka, mmoja aliyetumwa. Kisha wabadilishane, hilo msilisahau, maana mtoto asiyewahi kuwa daktari hajui kwa nini mgonjwa anaogopa. Dakika 5 baada ya mapumziko zinatosha.

Na fimbo? Na aibu? Katika shule nyingi za Afrika zilizofundisha kwa Kifaransa, aliyeponyokwa na lugha ya nyumbani alivishwa kitu shingoni, akatembea nacho hadi amkamate mwenzake. Wengine humu mmesikia habari zake kwa wazazi wenu. Tulipata nini? Tulipata watu wazima wanaojua kupeleleza lugha ya jirani, na wanaotetemeka wakishika kipaza sauti. Kaka zao wakubwa wanaopiga Kindubile, lugha ya vijana wa mtaani, pembeni mwa avenyu, waacheni wapige. Ni lugha yao ya urafiki. Swali letu kwa mtoto liwe: ungesemaje kwa mufundishi? Akijua jibu, mambo yako sawa.

Jambo la mwisho, na sitalirefusha, ila msilisikie kwa sikio moja. Heshima tunayowapa watoto isiwe ya kuitikia tu. Nimekutana na watoto ambao lugha yao yote ya adabu ni "Eyo, tata. Eyo, mama", yaani ndiyo, ndiyo. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa na mtu mzima yeyote "kuya huku", atakwenda. Mfundisheni kukataa kwa heshima. "Samahani, tata, mama balikataza." Mfundisheni kumwambia mwalimu "Mufundishi, sikuelewa, murudilie." Mfundisheni kumwambia muuguzi pale panapomuuma. Na mwambieni waziwazi: ukiogopa, mtu akikushika usivyotaka, heshima inakaa pembeni. Piga kelele, kimbia, kuja utuambie, hatutakuuliza ulimsemaje. Fanyeni mazoezi ya hilo pia, kama mnavyofanya ya chumvi. Mtoto asiyewahi kusema "hapana" kwa sauti nyumbani hataipata sauti hiyo barabarani.

Basi, nimesema vya kutosha, na mazoezi tuanze humuhumu. Mama wa kiti cha mbele, mwenye kikwembe cha kijani, wewe ni muuguzi. Tata uliye karibu na dirisha, wewe una miaka 5, sikio linakuuma, na mama yako amekwenda kulipa fishi (karatasi ya matibabu). Walimu wawili pale nyuma, mtatuambia mtoto alikwama wapi. Simameni, tata, msicheke, mtoto mwenye sikio bovu hacheki. Muuguzi, mwite.